Nani Abebe Mzigo? Uteuzi na Ubebaji wa Kamera ya Fomati Kubwa katika Kazi za Watkins, Adams na Avedon

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa picha, kama ulivyo uhakiki wa fasihi, umezoea kuigawa kazi katika fani na maudhui. Katika maudhui huwekwa mlima, uso wa mtu, jangwa, na yote yanayodaiwa kusemwa kwa njia ya vitu hivyo. Katika fani huwekwa mwanga na kivuli, mpangilio wa vitu ndani ya fremu, na ukali wa mistari. Kipo kipengele ambacho kwa kawaida huachwa nje ya mafungu yote mawili, nacho ni uzito wa chombo kilichotumika. Wahakiki wengi hukitaja kwa heshima katika aya ya kwanza, kwamba mpigapicha fulani alipanda mlimani akiwa na mzigo mgongoni, kisha huendelea kuijadili picha kana kwamba mzigo ule uliachwa chini ya mlima.

Uhakiki huu unashikilia kwamba uzito ni sehemu ya fani. Anayeteua kamera hufanya uamuzi unaofanana na ule wa mshairi anayeteua bahari. Kabla neno la kwanza halijaandikwa, mshairi huyo amekwisha kubali idadi ya mizani, na yapo mambo ambayo hatayasema kwa sababu hayaingii katika kipande. Hata hivyo, mlinganisho huu una mpaka wake. Mizani ya shairi haihitaji nyumbu wala msaidizi wa kuibeba. Kamera kubwa huhitaji, na hapo ndipo swali la fani linapogeuka kuwa swali la haki: nani aliubeba mzigo, na je, picha yenyewe inamtambua?

Kazi zinazochunguzwa ni za Wamarekani watatu walioitazama nchi moja katika nyakati tofauti: Carleton Watkins katika bonde la Yosemite mwaka 1861, Ansel Adams katika bonde hilohilo mwaka 1927, na Richard Avedon katika majimbo ya magharibi kati ya mwaka 1979 na 1984. Katikati ya Watkins na Adams, mjadala utapitia Unguja kwa muda mfupi, kwa kuwa huko nako suala la nani abebe na nani apige picha lilijitokeza katika kipindi hichohicho cha Watkins.

2.0 Chombo na Gharama Yake

Kamera ya fomati kubwa ni ile inayotumia filamu ya kipande kimoja kimoja, au zamani bamba la kioo, chenye ukubwa wa inchi 4 kwa 5 au zaidi. Eneo la kipande cha inchi 4 kwa 5 linakaribia mara 15 ya fremu ya filamu ya milimita 35, na kile cha inchi 8 kwa 10 ni karibu mara 60. Tofauti hii ndiyo sababu ya kuwapo kwa kamera hizi. Jani, ufa wa mwamba au unywele hupewa nafasi pana zaidi juu ya filamu, na mpito kutoka weusi hadi weupe huwa na ngazi nyingi ambazo filamu ndogo haina mahali pa kuziweka.

Muundo wenyewe ni sahili. Ubao wa mbele hushika lenzi, ubao wa nyuma hushika kioo chenye ukungu, na katikati huwa na mvukuto usiopitisha mwanga. Mpigapicha hujifunika kitambaa cheusi na kuona taswira iliyopinduka, miguu juu kichwa chini, kulia kukiwa kushoto. Ubao wa mbele huweza kupandishwa ili jengo refu lisionekane kuanguka kinyumenyume, au kuinamishwa ili maua yaliyo miguuni na kilele kilicho mbali vyote viwe dhahiri kwa pamoja. Kanuni ya kuinamisha huko imebaki na jina la Theodor Scheimpflug, afisa wa jeshi la Austria. Kamera ya mkononi ya kawaida haina uwezo huu, na ni haki kusema kwamba wengi huibeba kamera kubwa kwa ajili ya mbao hizo mbili zinazosogea kuliko kwa ajili ya ukubwa wa filamu.

Anayeteua hukabiliwa na njia mbili kuu. Ipo kamera ya reli moja, kama zile za Sinar za Uswisi, ambayo husogea kila upande kwa usahihi mkubwa lakini haikunjiki vizuri na hustahili kukaa studio. Ipo pia kamera ya kukunjwa, ya mbao au chuma, inayofungwa kama sanduku na kuingia katika mkoba, ambayo uhuru wake wa kusogea ni mdogo zaidi. Deardorff ya Chicago, ya mbao, ya inchi 8 kwa 10, ina uzito wa karibu kilo 6 bila lenzi. Kamera nyepesi za leo za inchi 4 kwa 5, kwa mfano zile za Intrepid za Uingereza, zina kilo moja na kidogo.

Lakini kupima kamera peke yake ni kujidanganya, kwa sababu uzito huzaa uzito. Lenzi ya kawaida kwa filamu ya inchi 4 kwa 5 ni ya milimita 150, na kwa ile ya inchi 8 kwa 10 ni ya milimita 300. Kadiri lenzi inavyorefuka ndivyo kina cha ukali kinavyopungua, hivyo tundu la lenzi hufungwa hadi f/32, f/45 au f/64. Ndiyo asili ya jina la kundi la f/64 lililoundwa California mwaka 1932, ambalo Adams na Edward Weston walikuwa miongoni mwa wanachama wake. Tundu likifungwa, mwanga hupungua na muda wa kuacha shata wazi huongezeka. Muda ukiongezeka, kila mtikisiko hudhuru, na stendi ya miguu mitatu lazima iwe imara, yaani nzito. Kila kasha la filamu hubeba vipande viwili tu, kimoja kila upande, hivyo picha 12 ni makasha 6. Mtu aliyedhani ananunua kamera hugundua kwamba amenunua msafara.

Kutokana na ugumu huo imezuka sifa inayorudiwa mara nyingi, kwamba kamera kubwa humfanya mpigapicha awe mwaminifu, kwa kuwa ni ya polepole na humlazimisha kufikiri. Sifa hii ina ukweli wa nusu. Polepole humpa nafasi anayetaka kufikiri. Asiyetaka, humchosha tu. Zaidi ya hayo, sifa hiyo huuchukulia uzito kuwa fadhila ya mpigapicha binafsi, ilhali mara nyingi mgongo uliouhisi uzito ule haukuwa wake.

3.0 Mabamba ya Watkins na Hema la Grant

Mwaka 1861 Watkins aliingia Yosemite na kamera aliyotengenezewa makusudi, ya kupokea mabamba ya kioo ya takriban inchi 18 kwa 22. Eneo la bamba moja linakaribia mara 5 ya kipande cha inchi 8 kwa 10. Sababu ya ukubwa huo haikuwa majivuno. Wakati huo kukuza picha hakukuwa kazi inayowezekana kwa ubora. Karatasi iliwekwa juu ya bamba lenyewe na kupigwa mwanga wa jua, hivyo aliyetaka picha kubwa alilazimika kubeba kioo kikubwa. Aidha, bamba lilipakwa kolodioni hapohapo porini, likatumika likiwa bado bichi, na likasafishwa kabla halijakauka. Kwa maneno mengine, pamoja na kamera, kilibebwa chumba kizima cha giza: hema, dawa, maji na masanduku ya vioo. Kazi hiyo ilifanywa na nyumbu na watu waliowaongoza.

Matokeo yake yanashangaza hadi leo. Maji ya bonde yametulia kama kioo, miamba imepinduka ndani yake, na kila mti wa msonobari unahesabika. Picha hizo huhesabiwa miongoni mwa mambo yaliyowashawishi wanasiasa wa Washington, na tarehe 30 Juni 1864 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya kulihifadhi bonde hilo. Ni nadra picha kufikia tendo la sheria namna hiyo.

Ila utulivu wa picha hizo unapaswa kusomwa kwa tahadhari. Kwa sehemu ni matokeo ya kemia, kwani bamba la kolodioni lilihitaji muda mrefu, na kilichosogea kiligeuka ukungu au kilitoweka. Kwa sehemu nyingine ni historia. Miaka 10 kabla, mwaka 1851, kikosi cha Mariposa kiliingia bondeni kuwafukuza Waahwahneechee, wenyeji wake. Wapo waliorudi baadaye, na bonde halikuwa tupu. Katika picha zinazojulikana zaidi za mabamba makubwa ya Watkins, hata hivyo, bonde linaonekana kama nyumba mpya inayomsubiri mpangaji. Kamera haikuwafukuza wenyeji, lakini uzito na upole wake vilifanya kutokuwapo kwao kuonekane kuwa jambo la kimaumbile. Mhakiki anayesifu ukimya wa picha hizi bila kutaja mwaka 1851 anasifu zaidi ya anachokijua.

Wakati huohuo, upande wa pili wa dunia, James Augustus Grant alijaribu kazi ya namna hiyo. Mwaka 1860 alipiga picha Unguja alipokuwa akijiandaa, pamoja na John Hanning Speke, kwa safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Kwa maelezo ya Speke mwenyewe, kuandaa na kusafisha mabamba ndani ya hema dogo lenye joto kali kulimwelemea Grant kiasi kwamba aliambiwa aache, naye akageukia kuchora kwa mkono. Jambo la kuzingatia ni mahali palipovunjika. Kikwazo kilichotajwa ni joto la hema, yaani mateso ya yule aliyefanya kazi ndani yake. Uzito wa masanduku haukutajwa kuwa kikwazo, kwa sababu wa kuyabeba walikuwapo: wapagazi wa bara na pwani, ambao mzigo wao wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani takriban ratili 70. Katika msafara wa Grant, kama katika ule wa Watkins, kifaa kizito kilionekana chepesi kwa aliyekiteua.

4.0 Mabamba Mawili Yaliyobaki

Kwa msingi huo, picha ya Adams iitwayo Monolith, the Face of Half Dome inastahili kujadiliwa kwa urefu zaidi, kwa kuwa katika picha hii aliyeteua, aliyebeba na aliyepiga ni mtu mmoja. Mwezi Aprili 1927 Adams, akiwa na miaka 25, alipanda kupitia theluji na miamba hadi ukingo unaoitwa Diving Board, unaoikabili sura ya Half Dome. Alifuatana na marafiki wanne, mmoja wao Virginia Best aliyekuja kuwa mkewe. Mgongoni alikuwa na kamera ya Korona ya inchi 6.5 kwa 8.5, lenzi, vichujio vya rangi, stendi nzito ya mbao na mabamba 12 ya kioo. Mzigo ulikuwa wa takriban ratili 40, kilo 18 hivi. Kwa kipimo cha misafara ya pwani ni frasila moja na kidogo, yaani nusu tu ya mzigo wa mpagazi, na ulinganisho huu unasaidia kuupunguzia utukufu ule mwendo bila kuudharau.

Idadi ya mabamba ndiyo ufunguo wa kazi hii. Adams aliyatumia njiani, na alipofika mahali alipopataka alibaki na mawili. Bamba la kwanza alilipiga kwa kichujio cha njano, kama ilivyokuwa desturi. Mara tu baada ya kufunga shata alitambua kwamba anga litatoka la kijivu, na mwamba ule, uliomtisha macho kwa macho, utakuwa mwamba wa kawaida wenye anga la kawaida nyuma yake. Kwa bamba la mwisho aliweka kichujio cha rangi nyekundu iliyokolea, kinachozuia mwanga wa bluu, akafunga tundu hadi f/22 na kuacha shata wazi kwa sekunde 5. Anga likatoka karibu jeusi kabisa, na ukuta wa mwamba ukasimama mbele yake ukiwa umewaka upande mmoja.

Adams mwenyewe aliieleza picha hiyo kuwa mara yake ya kwanza kuiona picha iliyokamilika akilini kabla ya kuipiga, na maelezo hayo yamerudiwa na wahakiki hadi yakawa kama hadithi ya mtume. Ni vigumu kuyakataa. Ni rahisi zaidi kuona kilichosahauliwa ndani yake. Ono lile halikushuka kwa mtu mwenye mabamba 100. Lilimjia mtu aliyebakiwa na moja. Kama angebeba filamu ndogo ya fremu 36, angejaribu kichujio cha njano, kisha cha rangi ya chungwa, kisha chekundu, na kuchagua baadaye mezani. Uchache ulimlazimu aitoe hukumu palepale, kabla ya tendo. Na uchache huo haukutokana na nadharia yoyote ya sanaa. Ulitokana na kwamba mabamba ni kioo, kioo ni kizito, na mgongo ni mmoja. Weusi wa anga katika Monolith, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa uamuzi wa kiroho, una mzizi katika hesabu ya ratili.

Pingamizi linalotarajiwa ni kwamba hoja hii inamnyang'anya msanii kazi yake na kuikabidhi kwa mizani ya dukani. Si hivyo. Wapo wengi waliopanda na mabamba machache wakarudi na picha zilizokufa. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi: kwamba akili ya Adams siku ile ilifanya kazi ndani ya kizuizi alichokuwa akikihisi mwilini, na kwamba kizuizi hicho kinaonekana katika picha.

Maisha ya Adams mwenyewe yanatoa ushahidi wa pande zote mbili. Mwaka 1941, huko Hernandez katika jimbo la New Mexico, mzigo ulikuwa umehamia kwenye gari. Alisimamisha gari, akawapigia kelele wenzake wamletee vifaa, na kwa kuwa kipima mwanga hakikuonekana alikadiria kwa kuujua mng'ao wa mwezi. Alipata bamba moja la filamu la inchi 8 kwa 10. Alipogeuza kasha ili apige la pili, mwanga ulikuwa umekwisha kuondoka juu ya misalaba ya makaburi. Picha hiyo, Moonrise, imesifiwa kwa haki, lakini ni picha ya bahati iliyokutana na ujuzi, na wasaidizi wamo ndani ya kisa chake. Kisha mwaka 1960 akapiga Moon and Half Dome kwa Hasselblad, kamera ya filamu ya sentimita 6 kwa 6. Mwamba ni uleule, mpigapicha ni yuleyule, mzigo umepungua. Ni picha safi, yenye mpangilio usio na dosari. Ila mwamba wake unatazamwa kwa mbali na kwa raha, na hakuna anayeweza kudhani kwamba mtazamaji aliwahi kuuogopa. Mhakiki anayeamini kwamba kamera kubwa daima ni bora atasema filamu ndogo ndiyo ya kulaumiwa. Sababu iliyo karibu zaidi ni kwamba mwaka 1960 Adams angeweza kupiga tena.

5.0 Karatasi Nyeupe ya Avedon

Avedon anaupindua mjadala huu. Alipoagizwa na Jumba la Makumbusho la Amon Carter la Fort Worth, Texas, kuitazama Magharibi ya Marekani, hakupiga milima. Alitundika karatasi nyeupe nje, kivulini, na kuwasimamisha mbele yake wachimba makaa, wafanyakazi wa visima vya mafuta, madereva wa malori na watu wasio na makao. Kamera ilikuwa Deardorff ya inchi 8 kwa 10. Katika miaka ile alipiga watu 752 kwa vipande vya filamu takriban 17,000.

Hesabu hiyo ni wastani wa vipande zaidi ya 22 kwa kila mtu, na makasha yaliyojazwa mara 8,500 au zaidi. Hapa hoja ya uchache haina nafasi. Avedon aliitumia kamera nzito kwa wingi wa mtu wa kamera nyepesi, na aliweza kwa sababu wasaidizi walijaza makasha, waliyabadilisha, na waliushika ukali wa lenzi huku yeye amesimama kando ya kamera, uso kwa uso na anayepigwa, bila kitambaa kichwani. Uhuru wake wa kumtazama mtu machoni ulinunuliwa kwa mikono mingine. Kile kitazamo kizito cha watu wake, ambacho wengine wamekiita ukweli na wengine wamekiita ukatili, kinaelekezwa kwa mtu aliye huru mikono yote miwili.

Waliomlaumu Avedon walisema kwamba aliwatumia maskini wa Magharibi kutunga Magharibi yake mwenyewe, na lawama hiyo ina uzito, kwani karatasi nyeupe iliwaondolea watu hao nyumba, ardhi na kazi, na kuwaachia madoa ya kazi hiyo tu katika nguo na ngozi. Hata hivyo, katika jambo moja Avedon alifanya ambalo picha za mabamba makubwa za Watkins hazikufanya. Maelezo ya kila picha yanataja jina la mtu, kazi yake, mahali na tarehe. Watu ambao riziki yao ni kubeba, kuchimba na kuinua ndio waliopewa filamu kubwa kuliko zote, na mikunjo ya viganja vyao imepewa nafasi ileile ambayo Watkins aliwapa misonobari.

Waliobeba kamera yenyewe ndio waliokosekana katika maelezo hayo. Mmoja wao, Laura Wilson wa Texas, aliyeshiriki kuwatafuta watu wa kupigwa na kufanya kazi upande wa nyuma wa kamera, alichapisha mwaka 2003 kitabu chake, Avedon at Work. Ndani ya picha zake mwenyewe inaonekana ile ambayo karatasi nyeupe iliificha: stendi, makasha, gari, barabara ya vumbi, na vijana wanaoishika karatasi isipeperushwe na upepo.